Naomba Nanasi

Ukipanda meli ya kitalii pamoja na watoto wadogo, swali kubwa si kama bahari itachafuka. Swali ni hili: mtakula chakula cha jioni saa ngapi? Katika meli nyingi za aina hiyo ukumbi wa chakula huwa na zamu mbili. Ya kwanza huanza karibu saa 12 jioni, ya pili saa 2 usiku na kitu. Mwenye mtoto wa miaka 3 akikubali zamu ya pili amejitafutia balaa, maana mtoto atasinzia juu ya supu kabla mkate haujafika. Sisi tulikuwa na mtoto wa miaka 3, dada yake wa miaka 6, na Bibi wa miaka 76. Wote watatu hulala mapema. Tukaomba zamu ya kwanza.

Wanachama wenzangu mmeshanisikia nikisimulia vichekesho vya safari hii. Leo naandika kwa nini ilikuwa na uzito nyumbani kwetu.

Bibi alikuja Johannesburg kutoka Tanga kukaa nasi miezi mitatu. Vitukuu wake hao wawili alikuwa hajawahi kuwaona ila kwenye simu. Mama yao ni dada yangu, nesi wa zamu za usiku. Baba yao, shemeji yangu, ni Mzulu wa Soweto. Nyumbani Mayfair watoto husema Kizulu na baba yao na Kiingereza na watu wengine wote. Kiswahili wanakisikia, hasa dada akikasirika, ila hawajibu kwa Kiswahili. Kiingereza cha Bibi nacho kinaishia kwenye salamu. Kwa hiyo wiki sita za mwanzo watoto walikuwa wakimpungia mkono kama anavyopungiwa jirani. Ugomvi haukuwepo. Palikuwa na kimya tu, na kimya cha watu walio chumba kimoja ni kizito kuliko cha simu. Hata mezani hatukuwa tukikutana: dada analala mchana, shemeji anarudi usiku, watoto wanakula kreshi, mimi nakula chuo, Bibi anakula peke yake mbele ya televisheni asiyoielewa.

Dada ilipomfikia zamu ya kupokea upatu wa manesi wenzake, ule ambao huku huitwa stokvel, akasema pesa hizi hazinunui kochi. Alinunua safari ya meli ya siku nne, kutoka Durban hadi Pomene, pwani ya Msumbiji, na kurudi.

Bibi hakufurahi mara moja, na alikuwa na sababu. Kwa watu wa Tanga, Unguja na Pemba, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 haujasahaulika. MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, na mamia ya watu wakafa. Bibi aliuliza mambo mawili tu: meli inachukua watu wangapi, na majaketi ya kuokolea yako wapi. Tulipofika melini, alipoona abiria wanafundishwa namna ya kuvaa jaketi na mahali pa kukusanyika, tena kabla meli haijang'oa nanga, akasema, "Hawa wana adabu." Akakubali kukaa karibu na dirisha.

Kutoka dirisha hilo tuliona Bluff, kile kilima kirefu kinachofunga bandari ya Durban upande wa kusini. Nikamweleza Bibi habari za Wazanzibari wa Durban. Kuanzia 1873 Waingereza walileta hapo watu waliokombolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa, wengi wao Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji. Wakaitwa Wazanzibari, wakakaa King's Rest, juu ya kilima hicho hicho, wakaendelea na Uislamu wao, na Kimakua na Kiswahili vikasemwa humo. Sheria za ubaguzi za kutenga watu kwa maeneo ndizo zilizowaondoa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuwapeleka Chatsworth.

Bibi alihesabu kwa vidole. "Karibu miaka 90 katika nchi ya watu na lugha wanayo," akasema. "Na hawa wangu hawawezi kuniomba maji." Hakusema kwa ukali. Dada aliinamia sahani yake, na jioni ile hakula sana.

Jioni hiyo ya kwanza ilikuwa ngumu kwa kila namna. Watoto walipewa orodha yao ya chakula, yenye picha: chipsi, tambi, vipande vya kuku wa kukaanga, soseji. Chakula cha wakubwa huletwa kwa mafungu: kitangulizi, kisha supu, kisha chakula chenyewe, kisha kitamutamu. Katikati ya fungu moja na jingine mtoto wa miaka 3 ameshapanda kiti, ameshashuka, ameshaingia chini ya meza na kufungua kamba za viatu vya mjomba wake. Neno pekee la Kiswahili alilolitoa lilikuwa "changu", akigombea kijiko na dada yake.

Kumbe meli ina dawa ya mambo hayo. Kuna klabu ya watoto, inapokea walioacha nepi kuanzia miaka 3, na wanaweza kula huko huko na walezi wao. Dada alipolisikia hilo macho yalimng'aa. "Miaka sita sijala chakula cha moto," akasema. Bibi akajibu, "Mtoto anajifunza kula kwa kutazama mdomo wa mkubwa. Ukimpeleka akale na wageni, atajifunza mdomo wa wageni."

Nilikuwa katikati yao na niliona wote wawili wana haki. Mtu anayekesha na wagonjwa anastahili sahani moja ya amani. Na mtu aliyebakiza wiki chache kabla ya kurudi Tanga anastahili kukaa na damu yake. Shemeji, ambaye kwa kawaida hunyamaza tukianza Kiswahili chetu, ndiye aliyeamua. Mchana watoto wale klabuni, dada apumzike. Jioni wale nasi, na jioni ni ya Bibi.

Bibi akaweka sheria moja. Anayetaka kitu mezani aombe kwa Kiswahili, na aombe kwake. "Naomba" kwanza, halafu jina la kitu. Nilidhani tutalia. Lakini yule wa miaka 6 alitazama sahani, akafikiri, kisha akasema, "Naomba inyama." Bibi akamkatia kipande. "Nyama," akamrekebisha, taratibu. Mtoto akamgeukia baba yake, ameshangaa, kama mtu aliyekuta ufunguo wa nyumba yake unafungua na nyumba ya jirani.

Kuanzia hapo shemeji akawa mwalimu wetu. Yeye anataja kwa Kizulu, Bibi anataja kwa Kiswahili, watoto wanahukumu kama yanafanana. Inkukhu, kuku. Amanzi, maji. Amafutha, mafuta. Umlomo, mdomo. Walipofika kwenye ulimi hawakuwa na la kubadilisha, ni ulimi huku na huku, na watoto wote wawili wakatoa ndimi zao nje kuhakikisha. Katika chama hiki sisi hujifunza sarufi kupitia Kiingereza, na mimi nilikulia hivyo. Sikuwa nimewahi kuona kwamba njia fupi ya watoto hawa kufika kwa Bibi inapita kwa baba yao.

Hapo ndipo ilipozuka habari ya Gogo, ambayo mmeshaicheka. Kwa Kizulu gogo ni bibi, na watoto walikuwa wakimwita hivyo tangu alipofika. Yeye kwa wiki sita alivumilia kuitwa kipande cha mti kilichoanguka. Jioni ya pili akauliza wazi: "Mbona mnaniita gogo? Na kama mnataka kusema kabila, mimi ni Mdigo wa Tanga, si Mgogo wa Dodoma." Shemeji alipofafanuliwa alicheka hadi akatoka machozi, akamwomba radhi, na Bibi akasema jina limeshamkaa, waendelee nalo.

Mhudumu wa meza yetu alikuwa kijana wa Indonesia. Kwenye meli hizi mhudumu wako ni yule yule kila jioni, na kwa mwenye watoto hiyo ni neema: jioni ya pili alishajua kuleta matunda ya watoto kwanza, wakubwa wakiwa bado wanachagua. Alipomsalimia mwenzake kwa lugha yao, Bibi akasikia "kabar", akaitikia, "Nzuri." Kijana akasimama. Wakaanza kupimana maneno. Dunia ni dunia. Sabuni kwao ni sabun, wakati ni waktu. Hayo yamepita kwa Waarabu na dini. Kisha akagonga meza akasema "meja", na nanasi akaliita "nanas". Hayo mawili yamepita kwa Wareno, waliofika kwetu na kwao, ingawa nanasi lenyewe asili yake ni Amerika ya Kusini. Bibi alifurahia zaidi neno meza, akawaambia watoto kwamba kwa Kiswahili ni kitu cha kulia, na pia ni amri: meza! Basi kila tonge lililokaa shavuni likaamriwa kwa sauti na meza nzima.

Kwa wanaofikiria safari ya namna hii, yapo machache ya kukumbuka. Ombeni meza ya pembeni, karibu na mlango. Oneni mkuu wa wahudumu siku ya kwanza kuhusu chakula cha halali. Sisi tulikula samaki, mayai na mboga, na nguruwe tukaonyeshwa alipo ili tumpite mbali. Nawisheni watoto mikono kwa maji na sabuni kila mnapoingia kwenye bafe, maana ugonjwa wa tumbo ukiingia melini husambaa upesi. Bahari ikichafuka, mpeni mtoto mkate mkavu kidogo kidogo, msimwache na tumbo tupu. Na kama mzee wenu anakula kwa mkono, ale kwa mkono. Bibi aliweka uma pembeni tangu jioni ya kwanza, akanawa, akasema bismillahi, akala samaki wake bila kuacha nyama kwenye mwiba. Jioni ya tatu watoto nao waliweka uma pembeni. Hakuna aliyetutazama vibaya, na kama yupo, tulikuwa na shughuli.

Pomene tulishushwa kwa boti ndogo. Ufukweni akina mama walikuwa wakiuza korosho na capulana, vitambaa ambavyo Bibi alivishika akasema ni ndugu wa kitenge. Lugha ya pale ni Kitswa na Kireno, na hatuna hata moja. Yule wa miaka 3, ambaye jioni zote alikuwa akirudia tu ya dada yake, alimwona mama mmoja ana mananasi. Akamsogelea peke yake, akanyoosha mkono. "Naomba nanasi." Yule mama akacheka, "Ananás?" akamkatia kipande, akakataa pesa. Dada alisimama nyuma yetu kimya. Baadaye alimwambia Bibi kwa Kiswahili, mbele ya watoto, "Nilikuwa nachoka, Bibi, si kwamba sikutaka." Bibi akamjibu, "Najua, mwanangu. Ndiyo maana nikasema jioni ni yangu."

Sitawadanganya kwamba siku nne zimewafanya watoto Waswahili. Wana maneno kama 30, karibu yote ya chakula. Ratiba ya dada haijabadilika, na Bibi amesharudi Tanga. Lakini Jumapili iliyopita alipiga simu, na yule mdogo alininyang'anya simu kabla sijasema shikamoo.

"Gogo, umekula?"

"Nimekula, mume wangu. Nimekula wali na samaki."

"Samaki gani?"

"Changu."

Mtoto akakunja uso. "Changu!" akafoka. Tulimsikia Bibi upande wa pili akicheka, akimwambia basi, nusu ni chake, amemwekea.