Simu Ikimtafuta Bosi

Bosi wetu hakuwa na haja ya kumuaga mtu akitoka, maana Mama Swichibodi alikuwa anajua kila alikokwenda. Alikaa nyuma ya kaunta ya mapokezi katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, Mtaa wa Samora, Dar es Salaam, mbele yake ubao wenye vitundu, vitaa na kamba za plagi. Kitaa kikiwaka anachomeka kamba, anasikiliza, anaamua. Anayepiga akiwa mteja wa makontena, ataambiwa, "Subiri kidogo baba, nakutafutia," na kweli bosi atatafutwa: bohari la Kurasini, forodhani, nyumbani, hata kwenye ule mgahawa wa uchochoroni alikopenda pilau ya mchana. Akiwa mdai, bosi "ametoka sasa hivi", ingawa kikohozi chake kinasikika mpaka kwenye kaunta.

Mimi nilikuwa kijana wa nyaya. Kazi yangu ilikuwa kupanda ngazi, kufuata waya uliotafunwa na panya, kubadilisha plagi zilizochakaa. Nikiwa na jozi ya nyaya mkononi, simu ikaingia, niliijua kabla ya mtu mwingine yeyote. Laini ya simu ikiwa imetulia hubeba kama volti 48 na mkono mkavu hauzisikii kabisa, lakini umeme wa kupiga kengele huzidi hapo sana, nao huja kwa mapigo. Unaachia waya huku umemtaja mama yako.

Ofisini kulikuwa pia na simu ya korido, ya kuzungusha kwa kidole, ambayo mhasibu aliitia kufuli dogo kwenye tundu la diski ili vijana wasipige simu za nje. Vijana walipiga hivyohivyo. Diski ile kazi yake ni kukata na kuunga laini harakaharaka, mara tatu kwa namba 3, mara kumi kwa sifuri, na ukigonga kitako cha kuwekea mkono wa simu kwa mwendo uleule matokeo ni yaleyale. Kulikuwa na karani mmoja wa nyaraka aliyegonga namba nzima ya Tanga, na 053 yake mbele, bila kukosea. Kufuli likabaki pambo.

Mtambo wa kujiendesha ulitufikia mwishoni mwa miaka ya 1990. Shirika la Posta na Simu lilikuwa limeshagawanywa, laini zilikuwa za TTCL, na mwenye duka la vifaa vya ofisi alimshawishi bosi anunue Panasonic ndogo, kisanduku cha kutundika ukutani, laini tatu za nje na ekstensheni nane. Niliambiwa niifunge mimi kwa sababu sikuogopa kitabu chake. Kitabu chenyewe kilikuwa kinene kuliko mtambo, na sehemu kubwa kilieleza mambo ambayo hakuna mtu ofisini aliyewahi kuyaota.

Programu iliingizwa kwa simu moja maalumu yenye kioo kidogo, iliyowekwa mezani kwa mapokezi. Unabonyeza PROGRAM, nyota, reli, halafu neno la siri, ambalo kutoka kiwandani lilikuwa 1234. Nimefungua mitambo mingi mjini tangu siku hizo, na bado ninashangaa ni mingapi inaitikia 1234. Mwenye ofisi ameweka milango ya chuma na mbwa wawili, lakini mtu yeyote anayeomba kupiga simu ya dakika moja pale mapokezi anaweza kumgeuzia simu zake zote.

Kilichomfurahisha bosi kupita vyote ni kupeleka simu. Kila ekstensheni iliweza kuagizwa: simu zote zihamie pengine, au zihame ikiwa mwenye meza anaongea, au zihame asipopokea baada ya kengele kadhaa, au zitoke nje kabisa, kwenye namba ya mjini au ya mkononi. Na ukiwa umekwisha fika Kurasini ndipo unakumbuka kwamba hukuagiza chochote, unaweza kuivuta simu yako ikufuate ukiwa kulekule, mradi kule nako kuna ekstensheni. Sisi tuliita yote hayo kudaivati. "Umedaivati?" likawa swali la kuagana kila saa sita na nusu mchana.

Ikaanza vurugu ya aina yake. Mhasibu anadaivati kwa mtu wa stoo akienda kula. Mtu wa stoo, asiyejua hilo, naye anadaivati kwa mhasibu. Mtambo wetu uliruhusu simu iruke mara moja tu, kwa hiyo mpigaji aliishia kusikia kengele ikilia mahali ambapo hakuna mtu. Mwingine alikwenda likizo Moshi na kuacha simu zake zote kwa katibu muhtasi, na zile za mambo ya binafsi zikafika kwa katibu huyo pia. Kitabu kilikuwa kimeyaona hayo: ukinyanyua simu ambayo imeagizwa kuhamisha, mlio wake wa kuanzia hautoki mfululizo, unakatikakatika, kukukumbusha kwamba umeacha kitu. Watu waliusikia mlio ule wakaniita nije kutengeneza simu mbovu.

Mama Swichibodi aliangalia yote haya bila kusema kitu kwa muda. Ubao wake ulibebwa kupelekwa stoo, naye akapewa ile simu yenye kioo. Siku moja aliniita akaniambia, "Mwanangu, mashine yako inamtafutia bosi hata mtu anayemkimbia." Ndivyo ilivyokuwa. Mdai wa matairi alikuwa amempata bosi katikati ya pilau yake. Mama Swichibodi angelizuia hilo kwa sentensi moja. Mtambo haukujua tofauti ya mdai na mteja, ulijua tu kwamba ekstensheni 11 imeagiza simu ziende namba fulani.

Baadaye sana nilisoma kwamba mitambo ya kujiendesha ilianza kwa kumkwepa mtu kama yeye. Husimuliwa kwamba Almon Strowger, mwenye biashara ya mazishi huko Kansas City, Marekani, alishuku opereta wa mji anawapeleka wateja wake kwa mshindani, akaamua kubuni swichi isiyohitaji opereta. Hataza yake ilitoka mwaka 1891. Mwaka 1965, kampuni ya Bell ilipowasha swichi yake ya elektroniki huko Succasunna, New Jersey, simu iliweza kupelekwa kwingine kwa amri ya mteja mwenyewe. Ninamwelewa Strowger. Lakini ninajua pia kwamba Mama Swichibodi hakumpeleka mteja wetu hata mmoja kwa mshindani, na wale wadai aliwaepusha na safari nyingi za bure.

Kupeleka simu nje kulikuwa na gharama ambayo muuzaji hakuitaja. Simu ya mteja inaingia kwa laini ya kwanza. Mtambo unachukua laini ya pili kumpigia bosi mkononi. Laini mbili kati ya tatu zimeliwa na mazungumzo ya mtu mmoja, na kipande cha pili kinalipiwa na ofisi. Kumpigia mtu wa simu ya mkononi kutoka ya mezani siku zile haikuwa mchezo. Bosi akisafiri wiki nzima Dodoma, wateja wanalalamika laini iko bize, na bili inakuja ndefu. Nilimwekea kikomo cha dakika, mazungumzo yakawa yanakatika katikati ya bei. Akaniambia niondoe kikomo.

Kisha kampuni za simu zikabadilisha namba. Ya Vodacom iliyoanza na 0744 ikawa 0754, ya Celtel iliyoanza na 0748 ikawa 0784, na kila mtambo niliowahi kuugusa mjini ukawa unapeleka simu za watu kwenye namba zilizokufa. Ile ilikuwa miezi ya neema kwangu. Nilizunguka na daftari kutoka Kisutu hadi Msasani, nikifungua 1234 baada ya 1234.

Kwenye alamu, kitabu kilikuwa na nia njema: kila ekstensheni iweze kumkumbusha mwenyewe saa anayotaka, mara moja au kila siku. Mwenye nyumba ya wageni jirani alinikodi niwawekee wageni wake alamu za kuwahi mabasi ya Ubungo. Mtambo ulihesabu saa kwa mtindo wa asubuhi na jioni wa Kizungu, mgeni akasema "niamshe saa kumi na moja", na dada wa zamu akalazimika kubandika ukutani karatasi ya safu mbili, kushoto saa ya mgeni na kulia saa ya mashine. Karatasi ile ilifanya kazi vizuri kuliko mafunzo yoyote niliyotoa.

Adui wa alamu alikuwa mgao wa umeme. Betri ndogo ya kutunza kumbukumbu ikiwa imechoka, umeme ukirudi mtambo unaamka ukiamini ni saa nyingine kabisa, na nyumba nzima ya wageni inaamshwa usiku wa manane kuwahi basi ambalo bado limelala. Mwaka 2006, mgao ulipokuwa mkali, nilikuwa napita asubuhi na mapema kurekebisha saa tu. Mitambo ile ilikuwa na hekima moja katika giza: umeme ukikatika, laini ya kwanza ya nje inaungwa yenyewe na ekstensheni ya kwanza, bila kupitia kitu. Maagizo ya kupeleka, kuzuia na kukumbusha yote yanakuwa hayapo, na ofisi nzima inazunguka simu moja ya mapokezi. Mama Swichibodi alikuwa ameshazeeka kidogo, lakini siku za mgao alirudi kazini kwake pale pale: anapokea, anasikiliza, anaamua.

Bosi ndiye aliyefikiria kutumia alamu kwa walinzi. Alikuwa na hakika kwamba mlinzi wa bohari analala. Nilimwambia ekstensheni moja inakubali alamu moja tu, basi tukafunga simu tatu: moja geti la mbele, moja katikati ya mashelfu, moja geti la nyuma. Kila moja ililia kwa saa yake usiku, na kuinyamazisha ilibidi mtu afike ainyanyue. Kwa majuma kadhaa bosi alitembea kwa fahari. Halafu nilikwenda kubadilisha soketi moja nikakuta mlinzi amenunua waya mrefu wa simu Kariakoo, amezivuta simu zote tatu mpaka kibandani kwake, na zimepangwa chini ya kitanda cha kamba kwa mpangilio wa saa zao. Viungo alivikaza kwa ustadi kuliko vyangu. Sikusema kitu kwa bosi, sikuulizwa.

Simu za mkononi zilipojaa, kudaivati kulihama kutoka kwenye kisanduku cha ukutani kuingia mfukoni, na kila mtu akawa na mtambo wake. Nyota mbili, 21, nyota, namba unayotaka, reli: simu zote zinakwenda huko. Weka 61 badala ya 21, zinakwenda usipopokea; 67 ukiwa unaongea; 62 ukiwa umezima au uko nje ya mtandao. Reli mbili, 002, reli: yote yanafutwa. Hayo ni ya mfumo wa GSM wenyewe, hayahitaji fundi. Bado nilipigiwa simu kwa ajili yake, na napigiwa mpaka leo, safari hii kwa hofu. Kuna ujumbe unaozunguka WhatsApp kila baada ya muda, unaosema piga nyota, reli, 21, reli ujue kama unadukuliwa. Msimbo ule hauoni mdukuzi yeyote. Unauliza tu kama simu zako zimeagizwa kuhama, basi. Cha kuogopa ni kinyume chake: mtu anakupigia, anajifanya wa huduma kwa wateja, anakuomba upige namba inayoanza na nyota mbili na 21. Hapo unamkabidhi simu zako mwenyewe, pamoja na zile za benki za kuthibitisha kwamba wewe ni wewe.

Tangu nyaya za intaneti za baharini zifike mwaka 2009, mitambo mipya ninayofunga haina kitabu wala simu ya kioo. Ni programu ndani ya kompyuta, mara nyingi Asterisk, na kupeleka simu ni kuweka tiki kwenye ukurasa. Unaweza kuagiza simu ilie mezani, ikikosa mtu ilie mkononi na kwenye kompyuta kwa pamoja, ikikosa tena iache ujumbe wa sauti ndani ya barua pepe. Inampata bosi popote. Mabosi wenyewe ndio waliochoka kwanza.

Mwanasheria mmoja wa Upanga aliniita majuzi na ombi ambalo sikuwahi kupewa. Alitaka kurudi nyuma: ikifika saa kumi na moja jioni, simu yake ya mkononi ihamishie kila kitu kwenye namba ya ofisi ya 022, asubuhi saa mbili aifute. Wateja wake walikuwa wanampigia mpaka akiwa msikitini. Nikamwonyesha nyota mbili na 21, nikamwekea alamu mbili za kumkumbusha, na kwenye mtambo wa ofisi nikawasha huduma ya usiku, kwamba baada ya saa hiyo simu zote zilie kwenye kibanda cha mlinzi, aandike majina kwenye daftari.

Juma halijaisha, mlinzi akanipigia. Aliomba radhi kwanza kwa kuchukua namba yangu kwenye kibandiko kilichoko juu ya mtambo. Watu wa kesi hawalali, alisema, na wakishamkosa wakili wanaanza kumweleza yeye mashtaka yote tangu mwanzo. "Fundi, na mimi hii ya kwangu siwezi kuidaivati?" Nikamuuliza angependa iende kwa nani. Akafikiri kidogo, akaniuliza kama ninayo namba ya mwanasheria ya nyumbani.