Mali Bila Daftari

Mwaka wa mwalimu una majira yake: azimio la kazi mwezi Januari, ukaguzi, mitihani, kufunga shule. Mwaka wa mwenye duka nao una majira yake. Kati ya Januari na mwisho wa Machi hufika ofisi ya Mamlaka ya Mapato kukadiriwa kodi ya mwaka, kisha huilipa kwa awamu nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Tarehe hizo zinajulikana, na bado kila mwaka hutukuta hatujajiandaa.

Wazee wetu walikuwa na adabu ya karatasi. Baba yangu alisoma kwa taabu, lakini stakabadhi za kodi ya kichwa alizitunza zote ndani ya kopo la bati. Karatasi ile ilikuwa ngao yake akisimamishwa njiani. Kodi ya maendeleo, iliyokuja baadaye kwa sura ileile, ilifutwa mwaka 2003, na nadhani adabu ile nayo ilififia.

Mapema mwaka 2020 mpwa wangu alinijia Butiama kutoka Bunda. Mumewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, akamwachia watoto watatu na kiduka cha sukari, sabuni na mafuta ya taa.

"Shikamoo, mjomba. Naogopa kwenda kukadiriwa. Sijui nitasema nini."

Nilimwuliza anauza kiasi gani. Akajibu kwamba biashara ni ngumu. Hilo, ndugu msomaji, ni jibu la kweli, lakini si hesabu.

Marehemu alikuwa ameacha madaftari ya mauzo ya kila siku, na mjane aliyaendeleza bila kujua thamani yake. Tulikaa siku mbili tukijumlisha. Wastani ulikuwa shilingi 15,000 kwa siku, yaani kama 5,400,000 kwa mwaka. Sheria ya Fedha ya mwaka 2019 ilisema hivi: mwenye mauzo kati ya milioni 4 na milioni 7, asiye na kumbukumbu, alipe 100,000. Mwenye kumbukumbu alipe asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Kwake yeye ilikuwa 42,000. Madaftari yale yalimwokolea 58,000, na kwa mjane mwenye watoto watatu hizo ni sare za shule. Alikwenda nayo mkononi, akaulizwa maswali, akayajibu.

Tangu hapo nimewashauri wengi jambo lilelile. Kila jioni andika mauzo, manunuzi na gharama, kila kimoja katika safu yake. Sukari unayochukua kwa chai ya nyumbani iandike pia, maana duka na jiko visipotenganishwa hutajua kipi kinakula kingine. Risiti ya mashine inakiliwe siku hiyohiyo, kwani wino wake hufifia kabla mwaka haujaisha. Jumlisha kila mwisho wa mwezi, na weka kando fungu la kodi. Kwa mpwa wangu lilikuwa 3,500 kwa mwezi, mzigo unaobebeka. Na daftari likijaa usilifungie maandazi; litunze miaka mitano.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ningeongeza kwamba hata heshima hupotea. Mwalimu Nyerere, katika hotuba yake ya Mei Mosi 1995 mjini Mbeya, alieleza kwamba serikali iliyooza kwa rushwa haikusanyi kodi. Sisi majirani wa kaburi lake hupenda kulirudia neno hilo tukiwanyoshea kidole wakubwa. Ni haki yetu. Lakini rushwa ndogo huota pale mwananchi asipoijua hesabu yake mwenyewe, akabaki kubembeleza. Muuza dagaa wa Mwigobero, Musoma, mwenye daftari lake, hana haja ya kubembeleza wala kuhonga. Ana cha kuonyesha.