Malindi Mbili, Uongo Mmoja

Mzee alisimama mbele ya picha, fimbo kwapani, akaitazama kitambo. Kisha akaniuliza, "Hii nyumba iko Malindi gani, mwanangu?"

Nikacheka. Malindi ni moja, nikamwambia, hiyo hapo ukishavuka daraja la Sabaki.

Tulikuwa Marafa, kwenye maonyesho ya picha za zamani yaliyoandaliwa na vijana wetu kwa ajili ya wageni wanaokuja kuona Nyari, lile korongo la udongo mwekundu na mweupe. Maelezo ya chini ya picha niliandika mimi. Nyuma ya ile picha mtu aliandika kwa penseli: Cine Afrique, Malindi. Basi, hayo yalinitosha. Nikaandika kwamba mji wa Malindi uliwahi kuwa na jumba kubwa la sinema, nikaongeza kwamba "wazee wa Marafa wanakumbuka walivyokuwa wakishuka mjini kutazama filamu za Kihindi".

Hakuna mzee niliyemuuliza, hata mmoja. Sentensi ilikuwa tamu, nikaiacha.

Mzee akasema alifanya kazi Malindi miaka mingi, vichochoro vya Shela anavijua, na nyumba hii hajapata kuiona. "Labda umesahau, babu," nikamjibu. Watu wakaangua kicheko. Yeye akaguna, akatoka.

Wiki mbili baadaye akaja mama mmoja, mzaliwa wa Unguja. Hakumaliza hata kusoma maelezo yangu. "Ala! Cine Afrique! Hii si yenu, hii ni yetu." Malindi yake ni mtaa wa Mji Mkongwe, kule bandarini. Mtu mzima wa pwani nisijue hilo, na huku najiita mwandishi!

Ndipo nikaanza kusoma, kazi niliyopaswa kuifanya mwanzo. Kumbe Unguja ilikuwa na jumba la sinema la Royal tangu 1921, lililochorwa na J. H. Sinclair; lilipoungua, pakajengwa Majestic, likafunguliwa 1955. Baada ya Mapinduzi ya 1964 majumba ya sinema yakaingia mikononi mwa serikali. Mwaka 1973 Zanzibar ikapata televisheni ya rangi, wakati Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994 kupata televisheni ya aina yoyote. Laura Fair ameandika kitabu kizima kuhusu sinema za Tanzania, kimetoka 2018. Na kama nilitaka habari za kwetu Kenya, Mombasa ilikuwa na Naaz na Regal, na waliokata tiketi huko wangali hai. Nauli ya kwenda kuwauliza nilikuwa nayo.

Kukosea Malindi naweza kusamehewa. Majina ya pwani hufanana. Lakini kumwekea mzee maneno kinywani, kisha alipofungua kinywa chake mwenyewe nikamwambia amesahau, huo ulikuwa uongo, na nilijua ninachofanya.

Nilimfuata kwake, nikamkuta anasuka kamba chini ya mwembe. Nikamwomba radhi. Hakunijibu upesi. Kisha akasema sinema aliyoiona yeye ilikuja na gari. Walitundika shuka jeupe uwanjani, watu wakajaa, watoto wakasukumwa nyuma ya shuka. Huko picha zilionekana vilevile, ila zimegeuka kushoto kulia. "Nikakua nikijua watu wa kwenye sinema wote wana mashoto," akasema, akaendelea na kamba yake.

Hilo ndilo nililopaswa kuandika, na lilikuwa hatua mia mbili kutoka nyumbani kwangu.

Maelezo ya zamani nimeyabandua. Chini ya picha sasa pana mstari mmoja: Cine Afrique, mtaa wa Malindi, Unguja. Kando yake nimebandika habari za shuka, kwa idhini ya mwenyewe, naye akataka jina lake lisitajwe. Nawe msomaji, ukiwa na tiketi au picha ya sinema ya zamani, niletee Marafa. Ila ikiwa imeandikwa Malindi, kwanza niambie ni ipi.