Mwandishi wa Madai wa Gongoni

Mjukuu wangu, binti msomi aliyeolewa hapa hapa Tabora na ambaye sasa ndoa imemshinda, aliniuliza majuzi wakili wa kumtolea talaka huchukua ijara kiasi gani, nami nilipomwuliza kama shauri lao limekwisha kufikishwa barazani, akaniambia, "Baraza la nini tena, Babu? Talaka ameshanitumia kwenye simu." Sikumlaumu, kwa kuwa hakuna aliyemweleza, bali nilimkumbuka mzee aliyekuwa akiwaeleza watu wote.

Mzee huyo, aliyeitwa Karani na wakubwa kwa wadogo, alikuwa Mmanyema ambaye jamaa zake walifika Unyanyembe kwa ile njia ya misafara itokayo Ujiji, wakatua na wasirudi tena. Kila siku aliketi Gongoni, barazani mwa duka la asali na nta, taipureta yake juu ya kasha la mninga. Na harufu ya nta, ambayo mtu wa Unyamwezi hahitaji kuelezwa, ilikuwa imezama katika karatasi zake hata ikasemwa kwamba hakimu huijua barua ya Karani kabla hajaifungua. Sisi vijana wa shule tulikwenda pale kumsomea magazeti, maana macho yalikuwa yamempungua, na kwa hiyo tuliyasikia mengi yasiyo ya umri wetu.

Mwenye hasira hakumpa karatasi, alimpa kigoda. "Haya, mwanangu," humwambia, "anza pale mlipooana, usianze pale mlipogombana." Na baada ya kusikiliza, pengine mpaka adhuhuri, ndipo humpangia safari yake yote: kwamba wazee wa pande mbili wakishindwa, shauri huenda kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, kwamba baraza nalo likishindwa hutoa hati yake, Fomu Na. 3, ambayo bila hiyo mahakama, ila kwa sababu chache maalumu, haiyapokei madai. Kwamba ndoa isiyotimiza miaka miwili haiombewi talaka ila kwa idhini ya mahakama. Na kwamba mbele ya hakimu haitoshi kusema nimechoka, sharti uthibitishe kuwa ndoa imevunjika pasipo kurekebishika. Kwa Waislamu wenzake aliongeza, kwa staha kubwa, kwamba talaka aliyoitamka mume, baraza likiisha kuthibitisha kushindwa, ni ithibati mbele ya mahakama, wala si hukumu yenyewe. Mwenye dhiki alimlipa chupa ya asali.

Nimezitazama tarehe: mahakama za liwali na kadhi ziliondolewa kwa sheria ya 1963, na Sheria ya Ndoa ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 1971, lakini katika fikira zangu yote hayo yamechanganyika barazani pale, na haidhuru. Mawakili walikuwa adimu, tena hawakuruhusiwa kusimama katika mahakama za mwanzo, ambako kila mtu alijitetea kwa ulimi wake mwenyewe. Basi aliyekwisha kuyapanga maneno yake kwa Karani aliingia akiwa na nguvu.

Hasha, sisemi kwamba yote yalikuwa mema. Namkumbuka mama aliyelima tumbaku pamoja na mumewe huko Urambo, akayakausha majani kwa moto ambao moshi wake ulimharibu macho, kisha akaambiwa nyumba si yake kwa kuwa hana stakabadhi hata moja. Karani aliipiga chapa barua yake mara mbili, na zote mbili hazikufaa. Ndiyo maana mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilipoamua katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa, ingawa Bi Hawa mwenyewe hakuambulia alichokidai, mzee aliinakili hoja ile akaibandika ukutani, akawasomea wanawake waliokuja, akitua kila sentensi.

Karani alifariki, na duka likawa la simu. Ikaja sheria ya msaada wa kisheria ya 2017, na tangu 2021 mawakili huingia katika mahakama ya mwanzo inayoongozwa na hakimu mkazi. Ni heri kubwa, nami nawaheshimu mawakili wa kweli, ambao leseni yao ya mwaka kila mteja anayo haki ya kuiuliza.

Linaloniudhi ni vishoka, wale wajifanyao mawakili. Humpokea mwanamke aliyefadhaika, wakamtoza fedha ya madai kabla hajaliona baraza. Madai hutupwa kwa kukosa hati. Naye hurudishwa mwanzo, ada za watoto zimekwisha kuliwa. Hata yule aliyepata hukumu isiyomridhisha, hakuna anayemwambia kwamba rufaa ina siku 45, na aghalabu hulijua hilo siku zikiwa zimekwisha kupita.