Nusura Ninunue Boti

Nimekuwa kimya wiki tatu hivi. Sikuumwa wala sikusafiri. Nilikuwa nanunua boti. Naam, boti! Mimi huyu huyu ambaye nikipanda ile ya kwenda Unguja naomba mfuko wa kutapikia kabla hatujaondoka bandarini.

Dili lenyewe lilianza hivi. Mimi na washikaji zangu wawili niliosoma nao chuo tuna kikoba chetu kidogo tangu 2021, na kilikuwa kimefika milioni 7. Tukasikia kuna boti inauzwa Kunduchi. Ya faiba, futi 23, imeundwa miaka ya 1990, ina mashine ya kupachika aina ya Yamaha Enduro 40. Mpango ukajichora wenyewe: wikiendi tupeleke watu Mbudya, siku za kazi tuwakodishie wavuvi. Muuzaji alitaka milioni 13. Baba mdogo, aliyestaafu mwaka jana, akasema ataongeza milioni 6 kutoka kwenye kiinua mgongo chake. Saba na sita, kumi na tatu. Hesabu ikikaa sawa namna hiyo mtu anaanza kuamini Mungu ameshasaini.

Nilienda kuiona peke yangu, asubuhi, maji yamejaa. Boti inaelea, nyeupe pee, mstari wa bluu ubavuni, rangi bado inanukia. Muuzaji akavuta kamba mara moja tu, mashine ikaitika. Nikapiga picha nikawatumia washikaji. Jibu likarudi kabla sijafika kituo cha daladala: "Lipa!" Aliyenizuia ni baba mdogo. Alipiga simu akasema, "Mwanangu, usitoe hata mia kabla fundi hajaigusa."

Fundi tuliyempata ni mzee wa hapo hapo pwani, aliyeanza na mashua za mbao kabla ya kuhamia kwenye faiba. Nilimwamkia, nikamsimulia boti ilivyo nzuri. Akaniuliza swali moja: maji yalikuwaje ulipoenda? Nikamwambia yalikuwa yamejaa. "Basi uliiona nusu," akasema. "Twende kesho maji yakipwa."

Kesho yake boti ilikuwa imelala mchangani, tumbo nje. Mzee hakuanza na tumbo. Alimsalimia muuzaji, akaenda moja kwa moja kuweka kiganja kwenye kofia ya mashine. "Hii imeamka kabla yetu," akasema, akacheka. Ilikuwa ya moto. Mimi, mwandishi wa habari ninayelipwa kuuliza maswali, sikuwa nimewaza kwamba mashine ngumu kuwaka huwashwa mapema ili mteja akifika iwake kwa mvuto mmoja. Mzee akasema tuiache ipoe.

Ilipokuwa inapoa, akachukua bisibisi akaigeuza, akaanza kugonga boti kwa mpini kutoka omo hadi tezi, sikio karibu. Faiba nzima inalia ngumu, ko ko ko. Mahali ambapo matabaka yameachana, au mbao ya ndani imelowa, sauti inakufa, kama unagonga papai lililoiva. Karibu na mkuku kulikuwa na malengelenge madogo. Hayakumtisha: hayo yanakwanguliwa, yanakaushwa, yanazibwa. Alipofika nyuma sauti ikabadilika. Akagonga tena. Hakusema kitu.

Akarudi kwenye mashine. Akatoa plagi, akapima mgandamizo wa silinda zote mbili kwa geji: moja 115, nyingine 110. Akanieleza kwamba namba yenyewe si muhimu kama hizo mbili kukaribiana. Akafungua skrubu ya chini, oili ya gia ikatoka nyeusi. Ingetoka kama chai ya maziwa, maana yake maji ya bahari yamepita kwenye sili na gia zinaliwa. Halafu wakaweka mguu wa mashine kwenye pipa la maji na kuiwasha ikiwa ya baridi. Mvuto wa tatu ikawaka, na maji ya kupozea yakaruka ubavuni kwa nguvu, bila kukatika. "Mashine nzima," akasema mzee. Muuzaji akatabasamu. Mimi pia.

Kisha mzee akashika mguu wa mashine, akaanza kuusukuma juu na chini. "Usiniangalie mimi. Angalia pale inapopachikwa." Nikaangalia. Chini ya ile rangi mpya, kwenye pembe, kulikuwa na nyufa nyembamba kama nywele. Kila akisukuma zinafunguka na kufumba, kama mdomo wa samaki aliyetolewa majini.

Nieleze kidogo, maana hata mimi sikujua. Nyuma ya boti ya faiba, pale mashine inapokaa, ndani kuna mbao za plaiwudi zilizofunikwa na faiba pande zote. Mashine ina kilo 70 hivi, tena inasukuma boti nzima na watu wake kupitia hapo hapo. Matundu ya bolti yasipozibwa vizuri, maji yanapenya taratibu na mbao inaoza ndani kwa ndani. Nje unaona rangi tu.

Mzee akaomba kufungua bolti moja ya chini. Muuzaji akasita, akaangalia bahari, akakubali. Ikatoka na maji ya kahawia na vumbi jeusi lililolowa, kama ugoro. Nikapiga picha.

Leseni nayo ilikuwa imeisha muda, na jina lililoandikwa ni la mtu mwingine kabisa. "Hayo utabadilisha tu TASAC," akasema muuzaji. Sawa, ila anayeuza kwa jina la mtu mwingine anapaswa kuonyesha mkataba wake wa kununua, na huo hakuwa nao.

Kukata, kutoa mbao zote, kukausha na kujenga upya: milioni 3 na nusu, mwezi mmoja na nusu, kama mataruma ya chini ya sakafu ni mazima. Muuzaji akashusha hadi milioni 10. Na hapo ndipo shida ilipoanza, maana ingebaki bei ile ile tungeondoka kirahisi. Washikaji wakasema tununue, tuitumie msimu huu, tutengeneze kwa faida. "Unadhani boti ngapi pale Kunduchi zinatembea hivyo hivyo?" Sikuwa na jibu. Pengine ni nyingi.

Mwaka 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara, nilikuwa mwanafunzi wa mafunzo ya vitendo kwenye chumba cha habari. Kazi yangu ilikuwa kupokea simu. Zaidi ya watu 200 walikufa. Kisa chake ni tofauti na hiki: kivuko cha watu 101 kilijazwa zaidi ya mara mbili. Lakini swali tulilouliza wiki nzima lilikuwa moja: nani alijua? Tuna methali kwamba chombo cha kuzama hakina usukani. Tangu siku zile siipendi. Inatusaidia kusahau kwamba kuna mtu aliyekuwa anajua. Safari hii mtu huyo ningekuwa mimi, na picha ipo kwenye simu yangu.

Baba mdogo alimuuliza mzee swali moja tu: kama tukiitumia hivi hivi, itachukua muda gani? Mzee akajibu, "Inaweza kutembea miaka mitatu. Inaweza kutembea mpaka Jumamosi." Baba mdogo akashukuru, akainuka. Tukamwambia muuzaji tutanunua mashine peke yake. Akakataa. Tukamlipa mzee elfu 80 yake, tukaondoka. Mshikaji mmoja bado hapokei simu zangu.

Jumamosi iliyopita nilienda Kunduchi kula samaki. Nikaiona inatoka kwenda Mbudya, mstari wa bluu ule ule, imejaa watu, watoto wakiwa omo. Nilikaa pale mpaka jioni iliporudi. Samaki alipoa.

Nikamfuata mwenye boti mpya, kijana wa umri wangu, nikamwonyesha picha ya ile bolti. Akaitazama kidogo, akanirudishia simu. "Aliniambia mtakuja kuiponda," akasema, "kwa sababu mlishindwa bei."

Nikamwandikia namba ya mzee kwenye karatasi. Akaikunja, akaitia mfukoni.