Kivuli cha Saa Saba: Mwanafunzi Katika Bonde la Ufa

Basi litokalo Kampala kwenda Kasese kwa njia ya Masaka huvuka mstari wa Ikweta mara mbili. Mara ya kwanza huuvuka pale Kayabwe, likitoka kaskazini kuingia kusini. Mara ya pili huuvuka karibu na Kikorongo, likirudi tena kaskazini. Abiria wengi hupita njia hiyo miaka nenda miaka rudi wasilitambue jambo hilo. Mwanafunzi mmoja wa chuo cha ualimu, binti wa sajini wa polisi wa Kasese, alikuwa mmoja wao, kwani kila alipokwenda likizo alilala njia nzima. Safari hii alikuwa macho, akiwa na daftari tupu mapajani na agizo la mwalimu wake moyoni.

Binti huyo alikuwa hodari wa kukariri. Aliyajua matabaka ya dunia tangu ukoko hadi kiini, na majina ya sayari tangu Utaridi hadi Neptuni. Lakini siku moja mwalimu alimwuliza darasani: saa sita kamili mchana, jua huwa wapi katika anga la Kasese? Akajibu bila kusita, "Utosini." Mwalimu akamwambia kwamba jibu hilo limetoka kinywani, halikutoka machoni. Kisha akawapa wanafunzi wote siku kumi za mazoezi ya nje. Kila mmoja aende kwao, aitazame ardhi na mbingu, aandike alichokiona mwenyewe, wala asinakili kitabu.

Pale Kayabwe basi lilisimama kidogo. Kando ya barabara palikuwa na kijana mwenye mabeseni matatu yenye tundu chini: moja kaskazini mwa mstari, moja kusini, na moja juu ya mstari wenyewe. Alimimina maji na kuwaonyesha watalii jinsi yanavyozunguka huku yakishuka: kaskazini upande mmoja, kusini upande mwingine, na pale katikati hayazunguki kabisa. Watalii walistaajabu na kulipa. Binti aliandika maneno mawili tu katika daftari lake: "Nitajaribu nyumbani."

Baada ya Mbarara na Bushenyi, barabara hufika Kichwamba, na hapo nchi hubadilika ghafla. Milima ya migomba na chai hukoma kama iliyokatwa kwa panga, na mbele ya macho hufunguka uwanda mpana ulioko chini sana, wenye maziwa na mashimo ya duara. Huo ni mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa. Ukoko wa dunia ulivutwa huku na huku kwa mamilioni ya miaka hata ukapasuka, na kipande cha katikati kikadidimia. Lakini upande wa kaskazini-magharibi bamba jingine la mwamba lilisukumwa juu, likawa milima ya Rwenzori, ambayo kilele chake cha Margherita kina urefu wa mita 5,109. Wengi hudhani Rwenzori ni volkeno kama Kilimanjaro. Sivyo. Ni mwamba wa kale mno ulioinuliwa kutoka chini, na theluji ikaketi juu yake. Barafu hiyo nayo inakwisha: mwaka 1906 ilifunika karibu kilomita za mraba 6.5, na kufikia mwaka 2003 haikutimia kilomita moja ya mraba.

Basi lilishuka, likavuka daraja la Katunguru juu ya mfereji wa Kazinga, na jioni binti akafika nyumbani kwa wazazi wake katika layini za polisi.

Hapo alikuta habari. Baba yake alikuwa amebakiza miezi michache kustaafu, naye alikuwa amepata kiwanja. Kilikuwa tambarare, kikubwa, karibu na mto Nyamwamba, na bei yake ilikuwa nusu ya viwanja vingine. Mama alikwisha chagua mahali pa jiko. Fedha zilikuwa zilipwe mwisho wa mwezi, nazo zilikuwa akiba ya utumishi wa miaka zaidi ya thelathini. Binti alifurahi pamoja nao, akalala.

Tarehe 20 Machi sajini alikuwa na ruhusa, akaamua kumsindikiza mwanawe katika mazoezi yake. Asubuhi walikwenda Katwe. Ziwa Katwe limo ndani ya kasoko, yaani shimo lililochimbwa na mlipuko wakati moto wa chini ya ardhi ulipokutana na maji. Ukingo mwembamba tu wa majivu ya volkeno yaliyogandamana hulitenga na Ziwa Edward. Hata hivyo Ziwa Edward lina maji matamu na samaki, na Ziwa Katwe lina chumvi kali na harufu ya yai bovu. Binti alisimama juu ya ukingo ule akiyatazama maziwa yote mawili, akauliza sababu.

Sababu ni mlango. Maji ya Ziwa Edward hutoka kwa mto Semliki, yakaenda Ziwa Albert na hatimaye Nile, yakichukua chumvi yake pamoja nayo. Ziwa Katwe halina pa kutokea. Chemchemi huleta maji yenye chumvi iliyoyeyuka kutoka katika miamba, jua huyanyonya maji, na chumvi hubaki. Watu wa Katwe wameigawa pwani ya ziwa kuwa vidimbwi vingi vidogo, ambamo wanawake kwa wanaume hukusanya chumvi inayoganda. Wengine huingia ziwani hadi kiunoni na kuvunja mabamba ya chumvi kwa mitaimbo, na maji yale huwachoma ngozi. Chumvi hii ilikuwa utajiri wa wafalme tangu zamani. Bunyoro na Toro waliigombea, na mwaka 1891 Kapteni Lugard akajenga ngome hapo kwa ajili yake.

Kabla ya saa sita baba na mwana walikuwa wamefika Kikorongo, penye alama ya Ikweta. Tarehe hiyo, kama mwezi Septemba karibu na tarehe 23, jua husimama juu ya Ikweta yenyewe. Binti alichomeka kijiti cha urefu wa mita moja mahali tambarare, akakinyoosha kwa uzi wenye jiwe. Sajini alishika saa yake ya mkononi, akatangaza wakati kila baada ya dakika tano, kwa sauti ileile ya gwaride.

Saa sita ilipotimia, kivuli kilikuwa bado kirefu kupita shubiri, kimelala upande wa magharibi. Sajini aliitazama saa yake, akakitazama kijiti.

"Mwanangu, kijiti chako kimepinda."

"Hakikupinda, Baba. Pima tena kwa uzi."

Wakapima, kimenyooka. Kivuli kiliendelea kufupika: saa sita na robo, saa sita u nusu, saa saba kasoro robo. Ilipofika saa saba na dakika saba kivuli kilijikusanya chini ya kijiti, kikatoweka. Mzee yule, aliyesimama zamu juani maisha yake yote na kuamini kwamba jua la utosini ni la saa sita, alikaa kimya.

Binti alimweleza taratibu. Saa ya Afrika Mashariki imewekwa kwa kufuata longitudo ya digrii 45, ambayo hupita mashariki sana, karibu na Mogadishu. Kikorongo ipo karibu na longitudo ya digrii 30. Dunia huzunguka digrii 15 kwa saa moja. Kwa hiyo jua likiwa juu ya longitudo ile ya mashariki, Kasese hulingoja saa nzima. Na zile dakika saba zilizozidi? Dunia huenda njia ya mviringo usio kamili, tena imeinama, hivyo jua huchelewa nyakati fulani za mwaka na kuwahi nyakati nyingine. Saa ya mkononi haikudanganya, wala jua halikukosea. Aliyekosea ni aliyesema bila kupima.

Walipokuwa wakingoja gari la kurudi, sajini alikumbuka kwamba tarehe hiyohiyo, mwaka 1966, tetemeko kubwa liliipiga nchi ya Toro na Bwamba na kuua zaidi ya watu mia moja. Yeye mwenyewe alikuwa askari kijana Fort Portal mwezi Februari 1994, ardhi ilipotikisika tena, na kwa siku kadhaa walilala nje. Binti alimhakikishia kwamba jua halikuhusika. Ni Bonde la Ufa ambalo halijamaliza kupanuka.

Usiku ule umeme ulikatika, na mawingu yakajitenga. Majira ya saa nne, kaskazini-mashariki zilichomoza nyota saba zenye umbo la upawa, ziitwazo Dubu Mkubwa. Kusini-mashariki ulisimama Msalaba wa Kusini. Mtu wa Ulaya ya kaskazini hauoni Msalaba ule kwao, na mtu wa ncha ya kusini ya Afrika huzikosa nyota nyingi za kaskazini. Aliye kwenye Ikweta huziona zote kwa zamu katika mwaka mmoja. Hapo sajini akawa mwalimu. Alimwonyesha mwanawe jinsi askari wa doria aliyepotea anavyourefusha mti mrefu wa Msalaba mara nne na nusu, kisha akashuka moja kwa moja hadi upeo wa macho, akapata kusini.

Beseni nalo halikusahauliwa. Binti alitoboa la zamani, akalijaza mara kumi. Maji yalizunguka mara upande huu, mara upande ule, kadiri mkono ulivyoyamimina. Mzunguko wa dunia hugeuza kweli pepo kuu na dhoruba za bahari, lakini beseni ni dogo mno kuusikia.

Kesho yake baba mwenyewe ndiye aliyesema, "Twende ukapime na kiwanja."

Hakikuhitaji uzi. Mto ulikuwa mwembamba, ukipita mbali kidogo kwa utulivu. Lakini ndani ya kiwanja, chini ya majani, mlikuwa na mawe ya ukubwa wa vichwa vya ng'ombe, yote laini na ya mviringo. Binti aliuliza: jiwe la mlimani lina ncha, nani aliyeyasugua haya na kuyaleta hapa? Kisha alishuka kwenye ukingo uliomomonyoka, akamwonyesha baba yake matabaka: mchanga, mawe, tope; tena mchanga, mawe, tope. Kila tabaka lilikuwa ni siku moja ya hasira ya mto. Katika tabaka la juu kabisa, ndani ya tope gumu, palichomoza kipande cha bati kilichokunjwa kama karatasi.

Sajini hakuhitaji kuambiwa bati lile lilitoka wapi. Mwezi Mei 2013, na tena Mei 2020, mvua kubwa iliponyesha milimani, Nyamwamba iliteremka na magogo, majabali na mabaki ya machimbo ya shaba ya Kilembe, ikaharibu nyumba, madaraja na hata hospitali. Yeye alikuwa miongoni mwa askari waliotumwa kuokoa watu. Alikuwa ameuona mto ule kwa macho yake, lakini siku ya kutazama kiwanja alitazama bei.

Fedha hazikulipwa. Baada ya majuma mawili familia ilipata kiwanja kingine mlimani kidogo, nusu ya kile cha kwanza kwa fedha zilezile. Mama alinung'unika kwa sababu ya kupandisha maji, na manung'uniko yake yalikuwa ya haki. Sajini alimnunulia mapipa mawili ya kukingia mvua.

Binti alirudi chuoni na daftari lililojaa. Ukurasa wa mwisho hakuandika yeye. Aliuandika baba yake kwa hati ya kitabu cha taarifa cha kituoni: tarehe, mahali, urefu wa kijiti, na wakati kivuli kilipotoweka. Chini yake aliweka sahihi, kama shahidi.