Siku ya Mpira Namboole: Haki ya Mwamuzi na Adabu ya Watazamaji

Mji wa Kampala umekaa juu ya vilima, na kila kilima kina sifa yake. Mengo kuna Lubiri ya Kabaka, Rubaga na Namirembe kuna makanisa makuu, Kibuli kuna msikiti, na Naguru kuna makao makuu ya polisi. Lakini siku timu ya taifa inapocheza nyumbani, sifa za vilima hivyo husahaulika kwa muda wa saa chache, na nyuso za watu huelekea mashariki, kwenye kilima cha Namboole, ambako uko Uwanja wa Taifa wa Mandela.

Safari ya kwenda huko hufuata Barabara ya Jinja. Msafiri hupita Lugogo, penye uwanja wa klabu ya KCCA uliopewa jina la Phillip Omondi, mchezaji ambaye wazee wa Kampala hawajamsahau. Kisha huja Nakawa, Kyambogo, Banda na Kireka, na mwisho Bweyogerere. Kadiri mtu anavyosonga mbele ndivyo njia inavyozidi kubana. Teksi hujaa, bodaboda hupenya huku na huku, na kando ya barabara wauzaji wa bendera, filimbi na fulana hushindana kwa sauti na wakaanga chapati za mayai, zile ambazo wenyeji huziita roleksi. Kiluganda, Kiacholi, Kinyankole na Kiswahili husikika katika foleni moja. Nacho Kiswahili, kilichozoeleka zamani makambini na katika vituo vya polisi, ni lugha rasmi ya pili ya nchi tangu Katiba iliporekebishwa mwaka 2005.

Uwanja wa Namboole ulijengwa kwa msaada wa China na ukafunguliwa mwaka 1997, ukiwa na nafasi ya watazamaji wapatao 45,000. Baada ya miaka mingi ya matumizi ulichakaa, hata ukapoteza sifa ya kuchezewa mechi za kimataifa. Timu ya taifa ikawa mgeni katika mechi zake za nyumbani. Mwezi Machi 2023, kwa mfano, ilibidi Uganda iwapokee jirani zake wa Tanzania katika mji wa Ismailia, nchini Misri. Kazi ya kuufufua uwanja ikakabidhiwa Brigedi ya Uhandisi ya jeshi la nchi, UPDF. Tarehe 7 Juni 2024 Uganda ikarudi kucheza hapo mechi ya kufuzu Kombe la Dunia, ikaishinda Botswana bao 1 kwa 0.

Askari na mpira Kampala si wageni wao kwa wao. Uwanja mkongwe wa mji, Nakivubo, uliojengwa mwaka 1926, unabeba katika jina lake kumbukumbu ya waliokufa vitani. Timu ya jeshi, Simba, ilifika fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Afrika mwaka 1972, ikashindwa na Hafia ya Guinea. Timu ya Polisi nayo ilitwaa ubingwa wa Uganda mwaka 2005. Basi mlinzi asimamaye langoni siku ya mechi huenda ni mpenzi wa mpira kama yule anayemkagua.

Kioo kando ya uwanja

Mwezi Agosti 2025 Namboole ilipata heshima kubwa. Uganda, Kenya na Tanzania ziliandaa pamoja Mashindano ya Mataifa ya Afrika kwa wachezaji wa ligi za ndani, yajulikanayo kama CHAN. Uganda ilianza vibaya tarehe 4 kwa kufungwa na Algeria mabao 3 kwa 0. Haikukata tamaa. Ikaishinda Guinea, ikaishinda Niger, na tarehe 18 ikakutana na Afrika Kusini. Hadi dakika za mwisho wageni walikuwa mbele kwa mabao 3 kwa 1. Hapo Uganda ikapata mikwaju miwili ya penalti, wa pili katika muda wa nyongeza, na mchezo ukaisha kwa sare ya 3 kwa 3. Uganda ikaingia robo fainali, Afrika Kusini ikafunga virago.

Hebu kila mtu ajiulize: penalti mbili za dakika za mwisho, zikimwokoa mwenyeji mbele ya watu wake, zingezua maneno gani katika siku za zamani? Mgeni angeondoka akiamini kwamba mwamuzi aliogopa kelele. Lakini mashindano hayo yalikuwa na waamuzi wa video, na malalamiko yalikuwa na mahali pa kupimiwa.

Utaratibu huo uliingizwa katika sheria za mpira mwaka 2018, na Kombe la Dunia la mwaka huo, nchini Urusi, likawa la kwanza kuutumia. Kazi yake ina mipaka. Kwa sheria hizo za mwaka 2018, video ilichunguza mambo manne tu: bao, penalti, kadi nyekundu ya moja kwa moja, na kosa la kumwadhibu mchezaji asiyehusika. Tena waamuzi wa chumbani hawaamui, wao hushauri. Mwenye kipenga ndiye hutazama kioo, na neno la mwisho hubaki lake.

Hata hivyo chombo kizuri kisichoandaliwa vema huweza kuwa fitina. Tarehe 31 Mei 2019, katika fainali ya Klabu Bingwa Afrika mjini Radès, Tunisia, Wydad ya Morocco ilifunga bao likakataliwa. Wachezaji wakadai video itazamwe. Kumbe mtambo haukuwa ukifanya kazi! Wydad wakagoma kuendelea, mchezo ukavunjika, na Espérance ya Tunisia ikapewa kombe katikati ya malumbano makubwa. Somo lake ni rahisi: mtambo ukaguliwe mapema, na ukiharibika, timu zote zielezwe kabla mpira haujaanza.

Kwa ligi ya kawaida ya Uganda, mtambo kamili ni ghali. Unahitaji kamera nyingi, chumba maalumu na waamuzi waliosomea kazi hiyo. Lakini ipo njia ya bei nafuu ambayo FIFA iliijaribu mwaka 2024 katika mashindano ya wasichana ya dunia, kwanza Colombia, kisha Jamhuri ya Dominika. Kamera ni chache, na waamuzi wa chumbani hawapo. Kila kocha anaruhusiwa kuomba marudio mara mbili, naye mwamuzi huenda mwenyewe kutazama kando ya uwanja. Kocha akithibitika ana haki, nafasi yake haipotei. Njia hiyo yaweza kufaa Lugogo na Nakivubo, maana inamfundisha kocha kulalamika kwa utaratibu badala ya kuwachochea watazamaji.

Jambo jingine ni kuwaeleza watu. Mtazamaji aliye juu jukwaani huona mwamuzi amesimama na mkono sikioni, asijue kinachoendelea. Ukimya huo huzaa uvumi. Katika Kombe la Dunia la wanawake la mwaka 2023 waamuzi walitangaza uamuzi wao kwa kipaza sauti baada ya kutazama video. Uwanja wa Kampala ungeweza kufanya hivyo kwa lugha ambayo wengi wanaielewa, na hasira nyingi zingepoa kabla hazijawaka.

Lango lililofungwa

Kioo, hata kiwe safi namna gani, hakitoshi. Tarehe 24 Mei 1964, mjini Lima, Peru, mwamuzi alikataa bao la wenyeji dhidi ya Argentina. Watu wakaingia uwanjani, polisi wakafyatua gesi ya kutoa machozi, umati ukakimbilia ngazi, na chini ya ngazi milango ilikuwa imefungwa. Watu 328 walikufa. Tarehe 1 Oktoba 2022, katika uwanja wa Kanjuruhan, Indonesia, gesi ikafyatuliwa tena, wakafa 135. Na hapa Afrika, tarehe 1 Desemba 2024, mjini N'Zérékoré, Guinea, mabishano juu ya uamuzi wa refa yaliishia katika mkanyagano, na serikali ikatangaza vifo 56.

Mikasa hiyo ina sura moja. Lima na N'Zérékoré, kosa la mwanzo, au lililodhaniwa kuwa kosa, lilikuwa la kipenga. Lakini kilichoua hakikuwa kipenga. Kiliua kukosa hewa na kukosa njia. Ndiyo maana kanuni za usalama za FIFA zinakataza silaha za moto na gesi ya kutawanyia umati pembezoni mwa uwanja. Askari aliyefunzwa vema anajua kwamba katika jukwaa lililojaa silaha yake ya kwanza ni sauti tulivu, na wajibu wake wa kwanza ni kuona kila lango la kutokea linafunguka.

Watazamaji nao wana fungu lao. Kampala haijasahau tarehe 11 Julai 2010, usiku wa fainali ya Kombe la Dunia, mabomu ya magaidi yalipowaua watu zaidi ya 70 waliokuwa wakitazama mpira Kyadondo na Kabalagala. Kwa hiyo ukaguzi wa langoni si usumbufu bali ni ngao. Anayesukuma foleni au kuruka ukuta humwondolea mlinzi nafasi ya kumlinda mtoto wa mwenziwe.

Familia zinazokwenda Namboole hufanya vema kufika mapema, kumwonyesha kila mtoto lango la kutokea kabla ya kuketi, na kukubaliana mahali pa kukutana iwapo watapoteana. Baba au mama akumbuke pia kwamba mtoto hujifunza tusi la uwanjani kutoka kinywa kilicho karibu naye. Asiyekubali kushindwa si mshindani, walisema wahenga, na jukwaa ni shule ya msemo huo.

Tarehe 23 Agosti 2025 Senegal iliifunga Uganda bao 1 kwa 0 hapo hapo Namboole, na safari ya wenyeji ikaishia robo fainali. Kufungwa huuma. Lakini timu iliyofungwa hucheza tena, na uwanja uliojengwa upya hungoja mechi nyingine. Aliyekanyagwa langoni hana mechi ya marudiano. Hilo ndilo la kukumbukwa na kila anayeshuka kilima cha Namboole jioni, bendera begani na mtoto mkononi, akirudi nyumbani kwa Barabara ya Jinja.